Uongozi Unaodumu katika Taasisi za Umma: Somo kutoka Dzaleka na Lilongwe



Mwananchi anapofika kituoni na kukuta sura mpya mezani, swali lake la kwanza huwa moja: yule aliyekuwapo yuko wapi? Akijibiwa kwamba amehamishwa, mara nyingi huaga kwa adabu na kurudi nyumbani na shauri alilokuja nalo. Alikuja kwa mtu anayemfahamu, na mtu huyo hayupo. Tabia hiyo tumeiona pande zote mbili za mto Songwe, Kyela na Ileje kama ilivyo Karonga na Chitipa, na tunaiona kuwa kipimo cha haki cha uongozi wa taasisi ya umma kuliko taarifa zote za utekelezaji zinazoandikwa mwishoni mwa mwaka. Ikiwa imani ya wananchi hufungashwa pamoja na mizigo ya ofisa anayehama, basi kazi aliyoifanya, hata iwe njema namna gani, itaanza upya mwezi unaofuata.

Somo la toleo hili linahusu namna ya kujenga uongozi wenye ufanisi, na tena unaodumu, katika taasisi za serikali. Tumechagua kulieleza kwa mifano ya Malawi, hasa makazi ya wakimbizi ya Dzaleka na jiji la Lilongwe. Wasomaji wetu wengi wana ndugu, wateja au wadeni huko, na Kiswahili ndicho lugha ya soko la Dzaleka, ambako Mkongomani, Mrundi na Mnyarwanda hukutana katika lugha hiyo kabla ya kukutana katika nyingine. Aidha, Julai 2023, wakati Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Lilongwe kwa sherehe za uhuru wa Malawi, ilitangazwa kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule za nchi hiyo. Yanayotokea huko, basi, si habari za ugenini kwetu.

Tutofautishe kwanza mambo mawili ambayo huchanganywa. Kiongozi mwenye ufanisi ni yule ambaye jambo likiletwa kwake hutendeka. Uongozi unaodumu ni hali ya jambo kuendelea kutendeka baada ya yeye kuondoka. Mtu anaweza kuwa hodari sana katika la kwanza na akawa hatari katika la pili, na kwa kweli mara nyingi ndivyo ilivyo. Mkuu wa ofisi anayejua kila kitu mwenyewe, anayepokea kila simu mwenyewe na kutia saini kila karatasi mwenyewe, husifiwa kwa bidii. Siku akiugua, ofisi nzima huugua pamoja naye.

Sasa twende Dzaleka. Makazi hayo yako wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 40 kaskazini mwa Lilongwe. Wakati wa utawala wa Rais Hastings Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza lililoogopwa, na wafungwa wa kisiasa walishikiliwa humo. Jina lenyewe, kwa Kichewa, lina maana ya kuacha, na wenyeji husimulia kwamba ndilo neno la mfungwa anayeapa kutorudia tena. Mwaka 1994, mwaka uleule utawala wa chama kimoja ulipokoma Malawi, mahali pale palifunguliwa kuwa kambi ya kuwapokea watu waliokimbia vita vya eneo la Maziwa Makuu. Ilipangwa kuhifadhi watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wanaoishi humo wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha Burundi na Rwanda, pamoja na wengine kutoka Ethiopia na Somalia. Kambi ya pili, Luwani, ilifungwa mwaka 2007 na watu wake wakahamishiwa Dzaleka.

Msomaji aangalie vizuri tarakimu hizo, maana ndani yake kuna somo la kwanza. Jambo lililopangwa kwa muda mfupi limedumu zaidi ya miaka 30. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwaka 1994 sasa ana watoto wanaosoma. Katika muda huo maofisa wa serikali, wa polisi na wa mashirika wamebadilishana zamu mara nyingi, kila mmoja akija na mpango wa mwaka mmoja au miwili. Waliobaki ni wakazi. Kwa hiyo kumbukumbu ya kambi, yaani nani alikubaliana na nani kuhusu kisima gani, mpaka wa eneo hili na lile uliwekwa lini, ugomvi wa familia mbili ulisuluhishwa kwa masharti yapi, imekaa vichwani mwa wazee wa kambi kuliko katika majalada ya ofisi. Ofisa mpya hutegemea wazee hao amjulishe historia. Wengi wao ni waaminifu. Lakini taasisi ya umma ambayo historia yake inasimuliwa na mtu mmoja mwenye shauri mbele yake haiwezi kutoa haki kwa urahisi.

Malawi yenyewe ilikuwa na uzoefu mkubwa kabla ya hapo. Wakati wa vita vya Msumbiji nchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, idadi iliyokaribia mtu mmoja kwa kila wenyeji kumi, na baada ya mapatano ya amani ya mwaka 1992 wengi wao walirejea kwao. Sheria ya Wakimbizi ilikwisha kutungwa mwaka 1989, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 uliridhiwa mwaka 1987, ingawa kwa kuwekewa mipaka katika mambo kama kazi na mahali pa kuishi. Ni nchi chache za kusini mwa Afrika zilizokuwa na watumishi wa umma wenye ujuzi wa namna hiyo. Swali la mwanafunzi wa uongozi ni hili: ujuzi wa watumishi wale waliogawa chakula, kuandikisha watu na kusuluhisha migogoro ya mashamba kwa watu milioni moja uliandikwa wapi, na nani alikabidhiwa? Swali hilo kila ofisi yetu ya mpakani inaweza kujiuliza kuhusu mambo yake yenyewe.

Ndani ya Dzaleka kuna mitaa, na baadhi imepewa majina ya miji na vitongoji vya Malawi, kama Kawale, Likuni, Zomba na Blantyre. Mgeni anayesikia mtu akisema ametoka Blantyre asubuhi kwa miguu asishangae. Wakazi huchagua viongozi wao wa jamii, na shauri la kawaida hupita kwa jirani, kisha kwa kiongozi wa mtaa, kisha kwa polisi au ofisi ya serikali inayohusika na wakimbizi. Huo ni utaratibu mzuri, na unafanana na nyumba kumi zetu. Wachewa husema kwamba kichwa kimoja hakiwezi kubeba paa, na polisi wa kituo kimoja hawawezi kuwa macho ya watu 50,000.

Hata hivyo tuseme wazi jambo ambalo katika mikutano ya hadhara husemwa kwa kuzungukazunguka. Kiongozi wa mtaa aliyeachiwa mlango bila usimamizi hugeuka kuwa bawabu, na bawabu huanza kutoza. Barua ya utambulisho inayopaswa kutolewa bure hupewa bei. Mwanamke anayetaka kushitaki kupigwa hulazimika kupita kwa mtu ambaye ni shemeji wa mpigaji. Tumesikia malalamiko ya namna hii katika vijiji vyetu wenyewe, nje ya kambi zote, kwa hiyo tusidhani ni tatizo la wakimbizi. Ni tatizo la madaraka yoyote yasiyo na njia ya pili. Dawa yake si kuwafuta viongozi wa mitaa. Dawa ni kuhakikisha kwamba kila mkazi anaijua njia nyingine ya kufika kituoni bila kupita kwao, na kwamba viongozi wenyewe wanajua kuwa njia hiyo ipo na inatumika.

Uganda inatupa mfano wa kile kinachotokea pale madaraka yanapokosa njia ya pili, na pia wa namna ya kurekebisha. Katika makazi ya nchi hiyo wakimbizi huchagua mabaraza yao ya ustawi kwa ngazi tatu, kutoka kijiji hadi makazi mazima, na mfumo huo umesifiwa sana. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2018 zilizuka tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imeongezwa kwa ulaghai, na baadhi ya maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu wakasimamishwa kazi. Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, wakaendesha uhakiki kwa alama za vidole na macho mwaka huohuo. Idadi iliyokuwa ikitajwa kuwa takriban milioni 1.4 ikashuka hadi takriban milioni 1.1. Msomaji asifanye haraka kusema kwamba watu laki tatu walikuwa hewa; wengine walikwisha kuondoka au kuandikishwa mara mbili. Jambo la kujifunza ni kwamba kosa hilo halikugunduliwa na wema wa kiongozi fulani. Liligunduliwa na utaratibu wa kuhesabu ambao hakuna mtu mmoja aliyeweza kuupindisha peke yake.

Turudi Malawi, kwenye jambo zito zaidi. Mwaka 2022 polisi wa Malawi, wakishirikiana na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya na Uhalifu, walitangaza kugunduliwa kwa mtandao wa biashara ya kusafirisha binadamu ndani ya Dzaleka. Waathirika waliotambuliwa walikuwa wengi wao vijana wa kiume kutoka Ethiopia, na walikuwapo pia wasichana na wanawake, wengine wadogo wa umri wa miaka 12, kutoka Ethiopia, Burundi na Kongo. Oktoba ya mwaka uleule, katika msitu wa Mtangatanga wilayani Mzimba, lilifukuliwa kaburi la pamoja lenye miili zaidi ya 20 ya watu walioaminika kuwa wahamiaji wa Kiethiopia. Njia wanayopitishwa watu hao kwenda kusini inakatiza katika wilaya zetu za mpakani. Gari linalozima taa usiku karibu na Songwe ni sehemu ya habari ileile.

Malawi ilikuwa na sheria mahususi dhidi ya biashara hiyo tangu mwaka 2015. Kwa hiyo sheria ilikuwapo, polisi walikuwapo, na wakazi walioona mambo pia walikuwapo. Kilichofanya mambo yasogee mwaka 2022 ni maofisa wa polisi na wa uhamiaji kufundishwa namna ya kumtambua mwathirika, yaani kuacha kumtazama kila kijana asiye na hati kama mkosaji wa uhamiaji, na kuanza kumuuliza nani alimleta, nani anashika hati zake, na anadaiwa nini. Huo ni ufanisi. Operesheni ni kazi ya majuma, hata hivyo, na mtandao wa wahalifu una subira ya miaka. Baada ya magari kuondoka, mama wa Dzaleka anayemwona binti wa jirani akiingizwa ndani ya nyumba isiyo ya ndugu zake atampigia nani?

Hapa tunafika kwenye jambo dogo ambalo kwetu ni la msingi. Katika vituo vingi vya nchi zetu namba ya simu ambayo wananchi wanaijua ni ya ofisa mwenyewe, laini aliyoinunua kwa fedha yake. Ofisa mwema huigawa kwa watu mia. Anapohamishwa, laini huondoka naye, na watu mia wanabaki na namba inayoita kituo kilichoko kilomita 600 kutoka kwao. Hakuna aliyekosea hapo. Ofisa ametenda wema kuliko alivyoagizwa. Lakini kituo hakikurithi chochote. Laini inayomilikiwa na kituo, inayokaa mezani na kupokewa na askari wa zamu, yenye daftari lake la kuandika saa, lugha ya mpigaji na hatua iliyochukuliwa, ni kitu cha gharama ndogo sana, nacho kina thamani kubwa kuliko hotuba kumi kuhusu ushirikiano wa polisi na jamii.

Lugha nayo ni sehemu ya uongozi. Kituo kinachohudumia watu wa Dzaleka kinahitaji, mbali na Kichewa na Kiingereza, Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda, Kiamhari na Kisomali. Mkalimani mmoja anayeaminika ni hazina, na hazina hiyo huwa hatarini kwa namna mbili: anaweza kuondoka, au anaweza kuwa na ndugu katika shauri. Kiongozi mwenye busara huwa na wakalimani wawili kwa kila lugha, mwanamume na mwanamke, na huandika jina la aliyetafsiri katika kila maelezo. Karatasi hiyo ikisomwa mahakamani baada ya mwaka mmoja, hakimu atajua maneno yale yalipita kinywani mwa nani. Dzaleka ina bahati ya kuwa na Redio Yetu, redio ya jamii inayotangaza kwa lugha za wakazi, Kiswahili kikiwamo. Tangazo la polisi linalosomwa humo na mkazi kwa lugha yake hupokelewa tofauti na karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa mlangoni.

Na wakazi wenyewe wamethibitisha kwamba jambo linaweza kuanzishwa na mtu mmoja likawa la wengi. Tamasha la Tumaini lilianzishwa kambini hapo mwaka 2014 na msanii wa Kikongomani anayejulikana kama Menes La Plume, naye mkimbizi. Kila linapofanyika huleta maelfu ya Wamalawi ndani ya mahali ambapo zamani walipaogopa, na wengi hulala katika nyumba za wakazi kama wageni wao. Tangu mwaka 2010 kumekuwapo pia masomo ya stashahada kwa njia ya mtandao yaliyoletwa na Wajesuti, na wahitimu wake wamekuwa walimu, wakalimani na viongozi wa vikundi. Serikali inayotafuta viongozi wa kamati za ulinzi katika makazi kama hayo isiende na orodha yake mfukoni. Ianze kwa kuuliza nani tayari anaongozwa na nani kwa hiari.

Hatuwezi kuiandika Dzaleka bila kutaja mwaka 2023. Mwezi Machi Serikali ya Malawi ilitangaza kwamba wakimbizi na waomba hifadhi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee kambini, na mwezi Mei utekelezaji kwa nguvu ukaanza Lilongwe. Maduka yalifungwa, watoto walitolewa katika shule za mjini, na UNHCR ikaeleza hadharani wasiwasi wake kuhusu msongamano wa kambi. Uamuzi wa kisera si kazi ya jarida hili kuuhukumu. Tunachosema kwa mtazamo wa uongozi ni kwamba amri hutolewa siku moja, nayo hupokelewa na kituo ambacho kina idadi ileile ya askari, choo kilekile, na daftari lilelile. Mkuu wa kituo katika hali hiyo hana uwezo wa kubadilisha amri, lakini ana uwezo wa kuamua kama mtu aliyeshushwa kwenye lori ataandikwa jina, ataelezwa kwa lugha yake aende wapi, na mali yake itaorodheshwa mbele ya shahidi. Mambo hayo matatu hayahitaji kibali cha wizara. Kituo kilichoyazoea siku za utulivu huyafanya siku ya zogo. Kisichoyazoea hakitayabuni saa hiyo.

Lilongwe, ambako maamuzi hutoka, ina masomo yake. Jiji hilo lilifanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975, badala ya Zomba, ingawa Bunge lilibaki Zomba hadi mwaka 1994. Mitaa yake huitwa kwa namba, Eria 18, Eria 25, na namba hizo hazifuatani ardhini jinsi mgeni anavyotarajia. Wizara zimekusanyika kwenye kilima kinachoitwa Capital Hill, na ni hapo ambapo mwaka 2013 ilifichuka kashfa ambayo Wamalawi waliipa jina la Cashgate.

Kwa kifupi ilikuwa hivi. Malipo ya serikali yalikuwa yakipitia mfumo wa kompyuta ulionunuliwa ili kuzuia wizi. Watumishi wachache wakatumia maneno ya siri ya wenzao, wakaandika malipo kwa kampuni ambazo hazikutoa huduma yoyote, kisha wakafuta kumbukumbu za malipo hayo. Mtumishi wa ngazi ya chini wa uhasibu alikutwa na fedha nyingi ndani ya gari. Septemba 13, 2013 mkurugenzi wa bajeti wa Wizara ya Fedha alipigwa risasi nje ya nyumba yake Lilongwe, akanusurika. Ukaguzi wa nje uliofuata ulionyesha kwamba katika muda wa miezi sita tu, Aprili hadi Septemba, zaidi ya kwacha bilioni 13 zilikuwa zimechukuliwa. Wafadhili wakasitisha misaada ya moja kwa moja kwa bajeti ya serikali, na kilichopungua kilikuwa dawa hospitalini na mafuta ya magari ya polisi wilayani. Yaani mtu wa Karonga ambaye hajawahi kukanyaga Capital Hill alilipa.

Wengi huifundisha Cashgate kama habari ya tamaa. Tamaa ilikuwapo, bila shaka. Sisi tunaiona zaidi kama habari ya kuaminiana kulikozidi. Neno la siri lilitolewa kwa mwenzako kwa kuwa ni mwenzako, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na bosi alikuwa safarini. Ofisi ndogo ya mpakani ina Cashgate yake ndogo: stakabadhi zilizotiwa saini kabla, mhuri unaokaa kwenye droo isiyofungwa, daftari la vielelezo linalojazwa mwisho wa juma kwa kukumbuka. Kiongozi anayesema "namwamini huyu kijana" na kumwachia mhuri hajamtendea wema kijana huyo. Amemweka mahali ambapo siku fedha ikipotea hataweza kujitetea.

Somo la pili la Lilongwe ni la heshima. Februari 3, 2020 majaji watano wa Mahakama Kuu wakikaa kama mahakama ya katiba walibatilisha uchaguzi wa rais wa mwaka 2019 kwa kasoro zilizozidi, zikiwamo fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alijiuzulu mwezi Mei. Mwenyekiti mpya, Jaji Chifundo Kachale, aliteuliwa mwanzoni mwa Juni, wakati uchaguzi wa marudio ulikuwa umepangwa Juni 23. Alikuwa na wiki mbili na siku chache. Uchaguzi ulifanyika siku hiyohiyo, matokeo yakatangazwa Juni 27, na Lazarus Chakwera akaapishwa kesho yake.

Mtu mmoja haendeshi uchaguzi wa nchi kwa wiki mbili kwa kipaji. Jaji Kachale alikuta watumishi wanaojua vituo viko wapi, madaftari ya wapiga kura, na hukumu ndefu ya mahakama iliyoeleza kwa kina kosa gani lisirudiwe. Aliongeza ukimya, utaratibu wa kueleza kila hatua hadharani, na subira ya kukagua malalamiko kabla ya kutangaza. Sifa zake hatuzipunguzi hata kidogo. Tunasema kwamba sifa hizo zilipata mahali pa kushikia. Laiti kumbukumbu na watumishi wale visingekuwapo, jaji hodari namna hiyo angetumia wiki zake mbili kutafuta funguo.

Kwa upande wa polisi wenyewe, katiba ya Malawi inataka Inspekta Jenerali anayeteuliwa na rais athibitishwe na Bunge, na mwaka 2005 Bunge lilikataa kumthibitisha Mary Nangwale. Sheria ya Polisi ya mwaka 2010 nayo ilianzisha chombo huru cha kupokea malalamiko dhidi ya askari, ambacho kamishna wake wa kwanza aliteuliwa mwaka 2021. Miaka 11 ni mingi kati ya sheria na ofisi. Hata hivyo chombo hicho sasa kipo, na kwa askari mwaminifu ni kinga, kwa kuwa tuhuma iliyochunguzwa na mtu wa nje humsafisha kuliko utetezi wa mkuu wake.

Kuhusu mafunzo tutasema machache. Malawi ina Chuo cha Serikali kilichounganisha taasisi zake za awali za menejimenti na maendeleo ya watumishi; Kenya ina chake tangu sheria ya mwaka 2012; Tanzania ina Chuo cha Utumishi wa Umma na Taasisi ya Uongozi. Vyote vinafaa. Lakini anayerudi kutoka kozi ya majuma mawili na kukuta daftari la makabidhiano halipo atasahau kozi kabla ya posho kwisha.

Basi makabidhiano yaweje? Tunapendekeza kwamba mkuu wa kituo, wa idara au wa kijiji anayeondoka aache maandishi ya mashauri yanayoendelea, wakalimani na wajumbe wa kamati, na hasa ahadi alizowapa wananchi ambazo hazijatekelezwa. Hicho cha mwisho huachwa karibu daima. Ofisa aliahidi taa kwenye njia ya kisimani, akahamishwa, mrithi wake hajui, wananchi wanaona serikali nzima ni waongo. Ahadi iliyoandikwa inaweza kutekelezwa na mwingine, au ikakataliwa kwa sababu zinazoelezwa, na vyote viwili ni heshima kwa aliyeahidiwa. Kisha anayeondoka na anayeingia wasimame pamoja mbele ya mkutano wa wananchi, orodha hiyo isomwe kwa lugha inayoeleweka na wote, na nakala ibaki kwa katibu wa kamati ya ulinzi na usalama. Naibu awe amehudhuria kila kitu tangu mwanzo. Kiongozi anayeogopa naibu anayejua kazi ameonyesha mwenyewe kuwa hajawa tayari kuongoza.

Kamati nazo zisimalize muda wao kwa pamoja. Nusu wabaki wakati nusu wanachaguliwa, ili daima awepo mtu anayekumbuka. Wanawake wawe wengi vya kutosha kiasi kwamba mmoja akikosekana sauti yao isipotee. Mwanamke mmoja peke yake katika kamati ya watu 12 hulazimika kuwa jasiri kila siku, na hakuna mtu anayeweza hilo kwa miaka mitatu.

Wasomaji wetu wa Karonga, Chitipa, Kyela, Ileje na Dzaleka mnaweza kuanza bila kungoja waraka. Katika mkutano ujao wa ulinzi wa mtaa au kijiji chenu, ulizeni nani anashika daftari la kamati na likae wapi akisafiri, simu ya kituo ni ya kituo au ya mtu, na ahadi zipi za ofisa aliyetangulia bado hazijajibiwa. Muhtasari wa mkutano uliopita usiposomwa, mjumbe yeyote anaweza kusimama na kuomba usomwe kabla ya ajenda nyingine kuanza.